Chati ya eksirei ikionyesha hitilafu: uanzie wapi kutafuta

Jumatatu asubuhi, mgonjwa wa kwanza hajaingia. Umepiga mionzi ya majaribio, umesoma mita ya mionzi, umeweka nukta kwenye chati, na nukta imeanguka chini ya mstari mwekundu. Nje foleni imeshafika kwenye benchi la kliniki ya meno. Hapo wengi wetu hufanya moja kati ya mawili: tunaifumbia macho nukta ile, au tunapandisha kV (volti ya tyubu inayotoa mionzi) kidogo kufidia. La pili ni baya kuliko la kwanza. Mashine yoyote hupanda na kushuka kidogo kila siku bila sababu ya kutafutwa. Ukiwa kila siku unairekebisha kwa kiasi kilekile ilichoteleza jana, huitulizi. Hesabu inaonyesha kwamba varianzi (kipimo cha kutawanyika) ya vipimo vyako itakuwa mara mbili ya ile ambayo ungeipata kama ungekaa mikono mfukoni.

Mwongozo huu unafuata dalili jinsi zinavyojitokeza kwenye chati, kisha sababu zake, nikianza na ile ninayoikuta mara nyingi. Nimeuandikia wenzangu wa idara za mionzi na mafundi wa vifaa tiba wenye mita ya mionzi, kompyuta ya kawaida na muda mchache. Kama chati huna, soma kipande kinachofuata kwanza, kwa sababu bila hiyo kila dalili ni hisia tu.

Kabla ya dalili yoyote: mistari yako umeipataje?

Nusu ya matatizo niliyoitiwa kuyatazama hayakuwa ya mashine. Mistari ilikuwa imechorwa vibaya.

Chagua kipimo kimoja kisichobadilika. Mimi hutumia kV 80, mAs 20 (mkondo wa tyubu, yaani mA, mara muda kwa sekunde), mita ya mionzi ikiwa sentimita 100 kutoka kwenye fokasi (pale mionzi inapoanzia), uwanja wa sentimita 20 kwa 20. Kusanya vipimo 20 hadi 25 kwa siku tofauti. Vipimo 25 vya saa moja vitakuonyesha tabia ya saa ile tu. Kisha chukua tofauti kati ya kila kipimo na kinachokifuata bila kujali alama ya kutoa, tafuta wastani wa tofauti hizo, uzidishe kwa 2.66. Ongeza jibu hilo kwenye wastani wa vipimo upate mpaka wa juu, litoe upate mpaka wa chini. Tuseme wastani wa mionzi ni mGy 1.02 na wastani wa tofauti ni 0.012. Mara 2.66 inakuwa 0.032, kwa hiyo mipaka ni 0.988 na 1.052.

Mtu atauliza kwa nini asibonyeze tu kitufe cha mkengeuko sanifu kwenye Excel na kuzidisha kwa tatu. Sababu ni kwamba kama mashine ilikuwa inateremka polepole katika siku zile 25, mkengeuko sanifu wa jumla humeza ule mteremko na kupanua mipaka, na ugonjwa unaingizwa ndani ya kipimo cha afya. Tofauti za siku hadi siku haziathiriwi sana na mteremko wa polepole.

Jambo la pili ni kutochanganya mipaka hii na ile ya msimamizi. Mkaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au wa mamlaka ya nyuklia kule Kenya, anakuja na viwango vya kukubalika: kV isitofautiane na iliyoandikwa zaidi ya asilimia fulani, mionzi ikirudiwa isitawanyike kupita kiasi (kiwango kinachotumika sana ni asilimia 5). Viwango hivyo vinajibu swali la kama mashine inaruhusiwa kufanya kazi. Chati inajibu kama mashine ya leo ni ileile ya mwezi uliopita. Nimeona chati zilizochorwa mistari ya msimamizi badala ya mipaka ya mashine yenyewe. Chati ya namna hiyo hunyamaza miaka miwili, siku ikipiga kelele tyubu imeshakwisha.

Dalili: nukta moja imeruka nje, zilizotangulia zilikuwa nzuri

Usiguse mashine. Rudia kipimo mara tatu bila kusogeza kitu, kisha vunja mpangilio wote, uupange upya, upime tena mara tatu.

Kama vipimo vimerudi ndani baada ya kupanga upya, kosa lilikuwa la mpangilio, na mara nyingi ni umbali. Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali: mita ikiwa sentimita 105 badala ya 100, unapoteza zaidi ya asilimia 9. Kwa mipaka ya mfano wetu, hata sentimita mbili zinatosha kukutoa nje. Ndiyo maana napenda kamba iliyopimwa na kufungwa kwenye kolimeta (kifaa kinachobana uwanja wa mionzi) kuliko kusoma rula ya kwenye nguzo, ambayo kwenye mashine nyingi kuukuu imeshalegea. Kosa jingine ni kV au mAs iliyobaki ya mgonjwa wa usiku. Unadhani umepiga 80, skrini inasema 77.

Kama vipimo vimetawanyika, kimoja juu kimoja chini, angalia umeme. Jenereta (sehemu ya mashine inayolisha tyubu umeme) za zamani za fezi moja huhisi volti ya ukutani ikishuka, hasa sterilaiza au pampu ya maji ikiwa kwenye laini hiyohiyo. Rudia kipimo saa ambayo jiko na kufulia havifanyi kazi. Jenereta za masafa ya juu hujisawazisha zenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nazo zina mwisho wake.

Kama vipimo vyote sita vimekaa pamoja nje ya mipaka, dalili ni ya kweli. Hapo ndipo unatoa kipima kV na vibamba vya alumini, kwa sababu namba ya mionzi peke yake haisemi kilichoharibika. Unahitaji tatu: mionzi, kV, na unene wa alumini unaokata mionzi hiyo hadi nusu, ambao hapa nitauita unene-nusu.

Mionzi imeshuka na kV imeshuka pia: tatizo liko kwenye jenereta au umeme. Mionzi hufuata takriban mraba wa kV, kwa hiyo kV iliyoshuka asilimia 5 inaeleza mionzi iliyoshuka karibu asilimia 10. Kama hesabu hizo mbili zinaafikiana, huna haja ya kutafuta kosa la pili.

Mionzi imeshuka, kV ni nzuri, unene-nusu haukubadilika: tazama mA, muda, au umbali tena. Ndiyo, umbali tena. Piga mAs ileile kwa njia mbili, mA kubwa kwa muda mfupi na mA ndogo kwa muda mrefu. Zikitofautiana, umeshajua upande wa kumwelekeza fundi.

Mionzi imeshuka, kV ni nzuri, unene-nusu umepanda: tyubu inazeeka. Tangsteni inayovukizwa hujipaka ndani ya kioo na kuwa chujio ambalo hakuna aliyeliweka, na uso wa anodi ukichakaa nao hunyonya sehemu ya mionzi laini. Hakuna marekebisho ya kufanya hapo zaidi ya kuanza kuandika barua ya bajeti mapema.

Inayonitia hofu kuliko zote ni hii ya mwisho: mionzi imepanda na unene-nusu umeshuka. Uliza nani alifungua kichwa cha mashine juma lililopita. Karibu kila mara kolimeta ilitolewa na chujio la alumini halikurudishwa. Picha zitatoka nzuri tu, hakuna atakayelalamika, na ngozi ya mgonjwa itakuwa inapokea mionzi laini isiyofika hata kwenye ditekta (bamba linalopokea picha). Kanuni za Marekani kwa kV 80 zinataka unene-nusu usiopungua mm 2.3 kwa mashine za zamani na mm 2.9 kwa zilizotengenezwa tangu 2006. Ukipata chini ya hapo, funga chumba. Wagonjwa waende hospitali jirani.

Dalili: mionzi imeshuka ghafla, na mita siyo ile ya siku zote

Hii naiweka peke yake kwa sababu ilinipata. Hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini tuliazima mita kutoka pwani, maana yetu ilikuwa imepelekwa kusawazishwa. Kipimo cha kwanza: mionzi pungufu kwa asilimia 17. Tukarudia, ni ileile. Tukabadilisha waya, ni ileile. Mkuu wa idara alishaanza kuandika ombi la tyubu mpya. Mwanafizikia wa hospitali ya rufaa tuliyempigia simu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kaka, hiyo chemba yako iko wazi kwa hewa?"

Ilikuwa wazi. Chemba (sehemu ya mita inayopokea mionzi) ya namna hiyo huhesabu chaji zinazotokana na hewa iliyomo ndani yake, na hewa ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ni nyepesi kuliko ya pwani. Chukua shinikizo la hPa 830 na nyuzi joto 18, kwa mita iliyosawazishwa kwenye hPa 1013 na nyuzi 20. Kizidishio ni 1013 gawanya kwa 830, mara 291 gawanya kwa 293 (nyuzi zikiwa zimegeuzwa kuwa kelvini), yaani kama 1.21. Bila kizidishio hicho, mita inasoma pungufu kwa asilimia 17, na tyubu haina kosa lolote. Mita yetu ya zamani ilikuwa ya nusukipitishi, ambayo haijali hewa, ndiyo maana hatukuwahi kukutana na jambo hilo.

Siku hizi mita ikibadilika, mashine moja inapimwa kwa mita zote mbili siku hiyohiyo. Kama ya zamani haipo, unaanza chati mpya, huunganishi. Na shinikizo usilichukue kwenye programu ya hali ya hewa ya simu bila kutazama vizuri, kwa sababu nyingi hutoa shinikizo lililorekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari. Ukilitumia hilo Mbeya au Iringa, kosa linabaki palepale na wewe unaamini umeshalisahihisha.

Dalili: hakuna nukta iliyotoka nje, lakini nane zimefuatana upande mmoja

Walter Shewhart alipoichora chati ya kwanza ya namna hii mwaka 1924, akiwa upande wa uhandisi wa kampuni ya simu kule Marekani, alitegemea mipaka ya sigma tatu, yaani mkengeuko sanifu mara tatu kila upande wa wastani. Kanuni za mfululizo ziliongezwa baadaye na wahandisi wa Western Electric, na maarufu zaidi ni ile ya nukta nane upande mmoja wa mstari wa kati. Mashine iliyotulia ina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa juu au chini kila siku. Nane mfululizo upande mmoja si jambo la bahati.

Sababu za kawaida ni kuzeeka kwa tyubu, betri ya mita inayoisha, na msimu. Chumba kisichokuwa na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi wa pili si chumba kilekile cha mwezi wa saba, na chemba iliyo wazi huhisi joto pia. Kabla ya kulaumu tyubu, chora joto la chumba chini ya chati ileile. Mistari miwili ikitembea pamoja, umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Kuna wanaopenda kutumia kanuni zote nne za Western Electric kwa pamoja. Fahamu gharama yake. Kanuni ya sigma tatu peke yake hutoa kengele ya uongo mara moja katika nukta 370 hivi. Ukiweka zote nne, kengele za uongo zinakuja mara moja katika nukta 92. Ukiwa na vyumba vinne na unapima kila siku, hiyo ni kengele ya bure karibu kila mwezi, na watu wakishazoea kengele za bure hawashtuki ya kweli inapolia. Mimi hutumia mbili tu: nukta nje ya mipaka, na nane upande mmoja.

Dalili: juu, chini, juu, chini, kama meno ya msumeno

Mashine huwa haifanyi hivyo yenyewe. Angalia majina ya waliopima. Utakuta zamu mbili, kila moja na namna yake ya kuweka mita: mmoja anapima umbali hadi juu ya mita, mwingine hadi kitovu cha chemba. Au mtu anarekebisha kila siku, akipandisha leo alichoshusha jana. Dawa ya la kwanza ni alama za wino mezani, ya la pili ni kuweka mikono mfukoni.

Dalili: nukta zote zimebana karibu na mstari wa kati, chati inapendeza

Chati inayopendeza mno inastahili kutazamwa kwa jicho la pili. Kwa kawaida theluthi moja hivi ya nukta huwa mbali zaidi ya sigma moja kutoka katikati. Zikiwa kumi na tano mfululizo zote ndani ya sigma moja, kuna jambo.

Huenda mipaka ni mipana kwa sababu ilikokotolewa kwa kuchanganya vyumba viwili. Huenda mashine ilitengenezwa ikatulia, na mipaka ni ya enzi za fujo. Hiyo ni habari njema, kokotoa upya. Huenda mtu anasoma 1.0 badala ya 1.02 na kuua tofauti zote kwa kukata desimali. Au namba zimepikwa. Nalisema hili bila kumtukana mtu, kwa kuwa mtu mwenye wagonjwa themanini na fomu ya kujaza atajaza fomu. Namba zilizopikwa unaweza kuzitambua: hazina siku mbaya, hazirudii namba moja siku mbili, na siku umeme ulipokatika kutwa nzima nazo zipo. Ukiziona, punguza kipimo kutoka kila siku kiwe mara moja kwa juma. Kipimo kimoja cha kweli kwa juma kinakufaa kuliko vitano vya kubuni.

Dalili: picha zinazorudiwa zimeongezeka

Hapa tunatoka kwenye mita na kuingia kwenye kuhesabu, na chati inabadilika. Sasa unachora asilimia ya picha zilizokataliwa, na mipaka yake inategemea umepiga picha ngapi.

Tuseme wastani wenu wa miezi sita ni asilimia 8. Juma hili imekuwa 13, na mganga mfawidhi anataka maelezo. Kama juma hili mlipiga picha 400, sigma ni kipeuo cha pili cha 0.08 mara 0.92 gawanya kwa 400, yaani 0.0136, na mipaka ni kutoka asilimia 3.9 hadi 12.1. Hiyo 13 iko nje, tafuteni sababu. Kama mlipiga picha 120 tu kwa kuwa kulikuwa na sikukuu, mipaka inapanuka kutoka 0.6 hadi 15.4. Asilimia 13 ileile haina habari yoyote ndani yake, na maelezo yoyote utakayompa mganga mfawidhi yatakuwa ya kutunga. Mwambie hivyo, kwa heshima, ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi.

Ikiwa ni ishara ya kweli, usianze na kikao cha kuonyana. Gawa zile zilizokataliwa kwa sababu. Katika 52 za mfano huu, pengine 33 ni mkao wa mgonjwa, 8 ni dozi, 6 mgonjwa kutikisika, 5 ni mkufu, vifungo au hirizi iliyosahaulika. Kisha igawe tena ile 33 kwa aina ya picha. Hapo ndipo mambo hujitokeza: utakuta goti la ubavu na uti wa mgongo wa ubavu vimebeba mzigo wote, na kifua hakina shida. Na linganisha mchanganyiko wa wagonjwa kabla ya kusema watu wamezembea. Kliniki ya mifupa ikihamishiwa siku zenu, kiwango cha jumla kitapanda hata kama kila mpigaji anafanya vilevile alivyokuwa akifanya, kwa sababu magoti hurudiwa kuliko vifua.

Wataalamu wa fizikia ya tiba wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2015 kuhusu mashine za kidijitali, walipendekeza kulenga asilimia 8 na kuanza uchunguzi ikifika 10. Ni namba nzuri ya kuanzia, lakini usiwe mtumwa wake. Chumba kinachoonyesha asilimia 1 kinanitia wasiwasi kuliko cha 11. Ama picha mbaya zinapelekwa kwa daktari, ama zinafutwa kwenye mashine kabla hazijahesabiwa, ama kilichohesabiwa juu ni wagonjwa waliorudiwa wakati kinachogawanyia chini ni picha zote. Angalia la mwisho kwanza, maana kulirekebisha ni dakika tano.

Dalili: picha ni safi, lakini dozi inapanda mwezi hadi mwezi

Enzi za filamu, ukizidisha dozi picha ilikuwa nyeusi na kila mtu aliona. Ditekta ya kidijitali husamehe: ukizidisha, picha huwa nzuri zaidi, haina chembechembe, na daktari anasifu. Ukipunguza, analalamika. Kwa hiyo mikono huteleza kwenda juu yenyewe, bila mtu kuamua.

Chati ya kuchora hapa ni ya DI, namba ya mkengeuko inayoonekana pembeni ya picha kwenye mashine zinazofuata kiwango cha kimataifa cha mwaka 2008. Inapatikana kwa kugawanya EI ya picha (namba inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye ditekta) kwa EI lengwa, kuchukua logi ya kumi, na kuzidisha kwa 10. Sifuri ni sawasawa, +3 ni mara mbili ya lengo, −3 ni nusu. Usimfuate mtu kwa sababu ya picha moja yenye +4. Wagonjwa ni wanene na wembamba, na ripoti ya wataalamu haohao ya mwaka 2018 ilikuta kwamba hata katika hospitali zao picha zilizokuwa kati ya −1 na +1 hazikufika nusu. Chora wastani wa picha 20 za kifua kwa juma. Wastani ukitoka 0 ukaenda 1.5 ndani ya miezi mitatu, wagonjwa wote wameongezewa dozi kwa asilimia 40.

Kabla ya kulaumu mikono, tazama lengo. EI lengwa huwekwa kwa kila aina ya picha, na fundi akisasisha programu hurudi kwenye ya kiwandani. Chati inaruka siku moja, wakati hakuna aliyebadilisha kV. Kuruka ghafla ni dalili ya programu, kupanda polepole ni dalili ya watu. Kolimeta pia: ukifungua uwanja mpana, mashine huhesabu hewa iliyo nje ya mwili kuwa sehemu ya picha, na EI inapanda bila dozi kupanda.

Mtego mkubwa ni kwa wenye mashine za kaseti za makampuni tofauti. Kila kampuni ina namba yake ya mionzi. Namba S ya Fuji huenda kinyume: ikishuka, dozi imepanda. Ya Kodak hupanda kwa 300 dozi ikiwa mara mbili, ya Agfa kwa 0.3. Usizitie kwenye chati moja, na S usiitafutie wastani ikiwa mbichi. S ya 100 na S ya 400 wastani wake ni 250, lakini wastani wa dozi zake ni sawa na S ya 160. Geuza kwanza kuwa dozi, ndipo uchore.

Dalili: chati zote ni nzima, daktari bado analalamika

Mwamini daktari. Chati yako inapima kisichoumwa. Mita ya katikati ya uwanja haiwezi kuona gridi (bamba linalozuia mionzi iliyotawanyika) iliyogeuzwa juu chini, ambayo huacha katikati ya picha vizuri na kuzima pande zote mbili. Haiwezi kuona kaseti iliyokaa kabatini wiki nzima bila kufutwa, ikikusanya mionzi ya mazingira hadi picha ya mtoto inatoka na ukungu. Futa kaseti kila asubuhi. Haiwezi kuona taa ya kolimeta iliyohama. Weka sarafu nne kwenye kingo za mwanga, piga, tazama. Kwa umbali wa sentimita 100, kutofautiana zaidi ya sentimita 2 hakukubaliki.

Na nenda chumbani kwake ukatazame skrini yake. Fungua picha ya majaribio ya SMPTE utafute mraba wa asilimia 5 ndani ya ule wa sifuri, na wa 95 ndani ya ule wa 100. Asipouona wa 5, kivuli cha kifua kikuu kinajificha hapohapo. Mara mbili nimekuta kosa lilikuwa pazia: dirisha nyuma ya daktari, jua la saa nne, skrini inang'aa kama sufuria.

Wenye chumba cha giza bado, dalili zenu ni za kemia. Piga ukanda wa sensitometa (kifaa kinachoipiga filamu ngazi za mwanga) kila asubuhi, uchore weusi wa kati na tofauti ya weusi. Ikihama zaidi ya 0.15, pima joto la dawa ya kusafishia kabla ya kulaumu mashine. Weusi wa msingi ukipanda peke yake, zima taa zote, simama dakika tano gizani, uangalie mlango unavuja mwanga wapi.

Baada ya kutengeneza

Usifute nukta mbaya. Chora mstari wa wima siku ya matengenezo, andika kilichofanyika na jina la aliyefungua mashine. Kama ilikuwa waya uliolegea na vipimo vimerudi pale vilipokuwa, endelea na mipaka ya zamani. Tyubu mpya, ditekta mpya au mita mpya ni mashine nyingine: kusanya vipimo 20 vipya, na wakati unavikusanya tumia viwango vya msimamizi kama ulinzi wa muda. Karatasi ya zamani ibandike nyuma ya mpya, kwa sababu atakayekuja baada yako atataka kujua tyubu ile ilidumu miaka mingapi kabla haijaanza kuteremka.